Mbebaji wa Maji wa Sura ya Kumi na Tisa

"Ukimwacha avuke, wewe utapungukiwa nini?"

Mama Gaudensia aliniuliza hivyo alasiri moja ya mwezi wa tisa, amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake ya Bombambili, ungo wa maharage mapajani. Nilikuwa na shahada. Nilikuwa na maneno ya kujibia karibu kila kitu. Hilo lilinishinda, nikainama kujifanya natafuta kalamu iliyoanguka.

Julai iliyopita tulimzika. Nilisafiri siku nzima kwenda Songea, nikafika nikiwa sina koti la maana kwa baridi ile, nikakuta turubai limefungwa uani na wanawake wa jumuiya wanasonga ugali kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea. Mtu mmoja alinipa kiti cha plastiki karibu na ukuta wa chumba kilichokuwa changu. Nilikaa pale nikiutazama ukuta, na tangu siku hiyo mwaka ule mmoja niliopanga kwake hauniachi. Nitaueleza kwa mpangilio nilioujua wakati ule, nikiwa na miaka ishirini na nne, kwa sababu nikianza na ninayoyajua sasa nitajipendelea.

Chumba kilikuwa cha uani, kimeegemea jiko la nje, kwa hiyo ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na joto asubuhi na jioni, na nguo zangu zote zilinuka moshi wa kuni. Kulikuwa na meza iliyopungua mguu mmoja, ikakamilishwa kwa matofali mawili, na sakafu ya saruji nyekundu ambayo Mama Gaudensia aliisugua mwenyewe kila Jumamosi, nimkataze nisimkataze. Mahali ambapo mpangaji aliyepita alikuwa ametundika kalenda ya parokia, mimi nilibandika karatasi ya manila. Nilikuwa nafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya mjini, nikisubiri ajira ambayo kila niliyemaliza naye chuo alikuwa anaisubiri, na nilikuwa nimeamua kwamba mwaka huo hautapita bure: nitaandika riwaya ya nchi isiyokuwepo, yenye mfalme, mito na viumbe niliowabuni mwenyewe. Manila niliichora kwa rula. Sura ishirini na nne, kila sura wiki mbili, maneno mia sita kila siku baada ya kutoka shule, mswada ukamilike kabla ya mwaka kwisha ili uwahi shindano moja la miswada. Chini ya kila namba niliandika litakalotokea. Namba kumi na tisa ilisema: mto wa sita, mbebaji anakufa.

Nilikuwa mtu wa kuhoji. Nilimhoji mkuu wa shule kwa nini wasichana wanadeki na wavulana wanapiga kengele. Nilimhoji mchumba wangu mpaka akaacha kupiga simu. Nilimhoji Mungu pia, na kwa kuwa nimekulia kwenye nyumba ya Kiislamu kule Tunduru, Ramadhani ilipofika niliamua nisifunge, nione litakalotokea. Kilichotokea ni kwamba Mama Gaudensia, Mkatoliki, sauti ya pili katika kwaya, alinikuta asubuhi nimekaa jikoni kwake na kikombe.

"Mwalimu, leo si mfungo?"

"Ni mfungo, mama."

"Na huo uji?"

"Nachunguza."

"Unachunguza uji?" Alicheka mpaka akashika mlango. "Haya, chunguza. Lakini jioni nakupikia futari, na utaila kama watu waliofunga. Mimi siwezi kukaa na mtu asiye huku wala kule."

Na kweli alipika. Magimbi, na samaki wa Nyasa aliyekaushwa kisha akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya, na chai ya tangawizi. Nilikula nikiwa nimeshiba, kwa aibu, mwezi mzima. Siku ya Idi aliniamkia yeye kabla sijamwamkia, kwa mzaha: "Shikamoo shehe!" Nadhani hakuna mtu aliyenichukulia kwa uzito na kwa utani kwa wakati mmoja namna ile, wala hajatokea mwingine.

Kusomeana kulianza kwa bahati tu. Chumbani kulikuwa na giza, kwa hiyo saa kumi nilikuwa nahamia nje na kaunta buku langu, yeye akiwa hapo anachambua maharage au anapeta mchele. Nilikuwa na tabia ya kujisomea nilichoandika, midomo ikicheza. "Soma kwa sauti," akasema siku moja, "mbona unanung'unika kama mganga?" Nikasoma. Ilikuwa hadithi ya mfalme aliyeibiwa kivuli chake, akaambiwa kipo ng'ambo ya mito saba, na kwamba yeyote atakayekunywa maji ya mito hiyo atasahau yeye ni nani. Kwa hiyo msafara ulibeba maji ya kisima cha nyumbani, na aliyeyabeba alikuwa mtoto wa kike ambaye nilimpa mistari miwili au mitatu kila sura. Nilitegemea Mama Gaudensia aulize kuhusu kivuli. Hakuuliza.

"Huyu mtoto anayebeba maji, kwao wanamwitaje?"

"Hana jina, mama. Ni mbebaji tu."

"Mfalme ana majina mangapi?"

Nilihesabu. "Matano."

"Na huyu anayembebea maji hana hata moja. Kha! Hata mbuzi wa Mama Osmundi ana jina."

"Basi mpe wewe."

Vidole vyake viliendelea kwenye maharage. "Mwite Otilia."

Nilicheka. Katika nchi niliyoibuni milima ilikuwa na majina ambayo hata mimi niliyatamka kwa kujiandaa, halafu katikati yao Otilia, kama mtu aliyepotea njia akitoka mazoezi ya kwaya. "Ndilo jina lako, mama?"

"Ni jina la humu ndani," akasema, akatupa jiwe dogo nyuma ya bega.

Nikaelewa kwamba ni lake, na niliona fahari kidogo kuwa amenitajia. Majirani walimwita Mama Gaudensia, kwaya ilimwita Mama Gaude, mimi nilimwita mama, na kwenye simu yangu alikuwa Mama Mwenye Nyumba. Mtu mzima haitwi kwa jina lake. Baada ya siku ile sikulitamka mbele yake isipokuwa ndani ya hadithi.

Kuanzia hapo hakuniuliza tena nimeandika kurasa ngapi. Aliuliza, "Otilia leo kala?" Nikimwambia msafara umelala porini alitaka kujua amejifunika nini. Akaanza pia kunipa vitu. "Anaogopa bata," alisema siku moja bila kuulizwa. "Nyoka haogopi. Bata." Siku nyingine: "Hajui kupiga mluzi. Anatoa upepo tu, lakini anapiga." Na tena: "Akitembea anahesabu hatua. Anafika kumi na mbili, anarudi kwenye moja, maana huko mbele hakujui bado." Nilidhani ananisimulia utoto wake, nikayaandika pembeni mwa kurasa, kisha nikayaingiza ndani, na mtoto wa mistari mitatu akaanza kula nafasi ya watu wengine. Mfalme alipungua. Siku hizi nikialikwa kuzungumza na wanafunzi huulizwa namna ya kujenga mhusika, nami hujibu kama mtaalamu: mjue anataka nini, mjue anaogopa nini, mwekee kizuizi. Yote ni kweli. Sijawahi kuwaambia kwamba mhusika wangu pekee aliye hai sikumjenga. Nilipewa, kipande kwa kipande, juu ya ungo.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwake, nami nikawa chumbani nasahihisha madaftari, dirisha wazi. Walimaliza sala wakabaki kunywa chai. Sauti ya Mama Osmundi, mwenye mbuzi, huwezi kuikosa.

"Mpangaji wako anaandika nini kutwa? Barua za mchumba?"

"Mchumba gani?" Mama Gaudensia akajibu. "Huyo alimhoji mchumba mpaka mchumba akaomba udhuru."

Walicheka, na mimi upande wangu wa ukuta nikacheka, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha akaanza kuwasimulia hadithi yangu. Aliisimulia vizuri kuliko nilivyoiandika. Aliruka milima, akaenda moja kwa moja kwa mtoto na kibuyu chake. "Anaitwa Otilia," akasema. Vikombe vikanyamaza. Hakuna aliyeuliza nini kilifuata. Baada ya muda mtu akakohoa, akaanzisha wimbo, na wengine wakaupokea. Nilijua wamechoshwa. Niliumia, nikaandika maneno mia saba siku hiyo, mia zaidi ya lengo, kwa hasira.

Mwezi wa nane aliniletea shuka zilizokauka. Nilikuwa mezani, nimempa mgongo, na ilipita muda kabla sijatambua kwamba hajatoka. Alikuwa amesimama mbele ya manila, anasoma kwa kufuatisha kidole.

"Mwalimu. Hapa namba kumi na tisa."

"Naam, mama."

"Mbebaji ndiye Otilia?"

"Ndiye."

"Si afe huyo mfalme? Ana maana gani yule, kivuli chake mwenyewe kimemshinda kutunza."

"Mfalme akifa hadithi imekwisha."

"Basi waziri. Waziri yule hata ukimtupa mto wa pili hakuna wa kumlilia."

"Ndiyo sababu, mama. Akifa ambaye hakuna wa kumlilia, msomaji hasikii kitu."

Aligeuka akanitazama. "Kwa hiyo unamuua kwa kuwa tunampenda."

Nilifurahi, kama unavyofurahi darasani mwanafunzi wa nyuma anapopata jibu. "Hasa," nikasema. "Hapo umeelewa." Na kwa kuwa uso wake haukuwa na furaha, nikaongeza kwa upole niliouona ni wa mtu msomi: "Mama, ni hadithi tu. Otilia hayupo."

"Najua hayupo," akasema. Akaziweka shuka kitandani, akazinyoosha pembe, akatoka.

Najiuliza kwa nini nilishikilia vile, nami sina jibu moja. Mwaka ule kila kitu changu kilikuwa mikononi mwa watu wengine: ajira, barua za ajira, familia ya yule mchumba, ratiba ya shule iliyobadilishwa kila Jumatatu. Manila peke yake ndiyo iliyonitii. Nilikuwa nimetia alama kwenye visanduku kumi na saba na sikuwa nimekosa hata wiki moja. Kumwacha mbebaji hai kungebadilisha sura tano za mbele, na shindano halingenisubiri. Lakini kulikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Niliamini Mama Gaudensia anajiogopea. Niliamini anafikiri jina lake likifa kwenye karatasi na yeye atafuata, na mimi, mpinga ushirikina, nilitaka asikie jina hilo likifa kisha aamke kesho yake mzima, ili aone. Nilihoji kila kitu mwaka ule isipokuwa karatasi niliyoibandika mwenyewe na dhana niliyojipa mwenyewe kuhusu mwanamke aliyenipikia.

Alasiri aliyoniuliza lile swali nilikuwa ninaanza sura yenyewe. Nilikuwa nimeandika kichwa tu. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei, kwa nia ya kununua kama anaiweza: ukimwacha avuke, wewe utapungukiwa nini? Nilipoinuka na kalamu yangu, ambayo haikuwa imeanguka, alikuwa bado anangoja. Nikasema, "Tutaona, mama." Hayo ndiyo maneno tunayowaambia watoto.

Niliimaliza sura kwa siku tisa. Ni sura nzuri. Naijua thamani yake, siwezi kusema uongo katika hilo. Kwenye mto wa sita maji ya nyumbani yamebaki funda moja, Otilia anampa mfalme, mfalme anavuka. Mtoto ana kiu. Anakunywa mtoni. Jina lake linamtoka, kisha njia, kisha sababu ya kuja, na anaanza kutembea kando ya maji akihesabu hatua, na safari hii anapofika kumi na mbili hakumbuki kurudi kwenye moja, na hatua ya kumi na tatu inamtia mtoni. Nilimsomea Mama Gaudensia Jumapili, baada ya misa, bado amevaa kitenge cha kwaya. Alikuwa na ungo kama kawaida, lakini kuanzia ukurasa wa pili mikono yake ilitulia juu ya mchele.

"Anasahau hata jina?" akauliza nilipomaliza.

"Hata jina."

"Na hakuna aliyemwita?"

"Mfalme alikuwa ameshavuka, mama. Hakusikia."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa maelezo ya kueleweka. "Sawa," akasema. "Imekuwa hivyo." Akainuka na ungo wake, mchele ukiwa haujaisha kupetwa, akaingia ndani. Jioni tulikula ugali na samaki, mchicha pembeni. Kipande kikubwa alinipa mimi, kama siku zote. Kesho yake alfajiri nilisikia ufagio, nikachungulia dirishani, nikamwona anafagia uwanja, mzima, mgongo umeinama vizuri, na nikajisikia mshindi. Nilikwenda kwenye manila nikatia alama.

Hakuniambia nisome tena. Hakununa, angenuna ningejitetea. Saa kumi ilipofika alikuwa na mazoezi ya kwaya, au anakwenda Mfaranyaki kumwona mgonjwa, au macho yanamuuma na moshi. Chakula hakikupungua, utani ulipungua. Sura tano za mwisho nilizisomea ukuta. Nilimaliza wiki moja kabla ya mwaka kwisha, nikaufunga mswada kwa uzi, nikaenda kumwonyesha jikoni. Alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kuupokea, akaupima uzito. "Hongera, mwanangu," akasema. "Umefanya ulichosema utafanya." Nilikuwa sijawahi kuambiwa jambo nililolitaka zaidi ya hilo, na sikujua kwa nini lilinifanya nitake kukaa chini. Mwezi wa kwanza nilipata kazi mjini Dodoma, nikahama.

Shindano sikushinda. Miaka mitatu baadaye mchapishaji mdogo aliuchukua mswada, na kitabu kikapata wasomaji, si wengi, ila wa kudumu. Hawazungumzi kuhusu mfalme. Mwalimu mmoja aliniandikia kwamba darasa lake lilikataa kuendelea na sura ya ishirini. Msichana mmoja alinishika mkono kwenye maonyesho ya vitabu, akaniuliza nimempata wapi yule mtoto wa bata na mluzi, nami nikasema, kwa kiburi chembamba, "Kwa mama mmoja wa Songea, ni yeye mwenyewe alipokuwa mdogo." Nilimtumia Mama Gaudensia nakala kupitia kwa binti yake, Gaudensia, ambaye ni muuguzi. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu: mama anasema amepokea, anashukuru, karatasi zake nzuri, ngumu. Tuliendelea kupigiana simu sikukuu zangu na sikukuu zake. Kitabu hakukitaja tena, nami sikuuliza. Bado ninaandika kwa malengo, kwa visanduku. Sijui njia nyingine, na bila hiyo nisingemaliza hata kimoja. Lakini kila nikifika kwenye kisanduku chenye kifo, mkono unakuwa mzito, na kwa miaka kumi niliamini uzito huo ni wa kumbukumbu ya mwanamke aliyeogopa kufa kwa jina.

Msibani, kabla ya jeneza kutolewa, padri aliomba usomwe wasifu wa marehemu. Mdogo wake Gaudensia alisimama na karatasi mbili, moja juu ya nyingine, akaanza na tarehe na kijiji. "Marehemu mama yetu Kandida," alisoma, na mimi nikamgeukia Mama Osmundi, aliyekuwa kwenye kiti cha pili, amezeeka sana.

"Kandida ni nani?"

"Mwalimu jamani," akaninong'oneza. "Si ndiye huyu tunayemzika."

Kijana alikuwa anaendelea. Ubatizo, ndoa, kwaya miaka thelathini. Akageuza karatasi. "Marehemu alijaliwa watoto wanne. Walio hai ni watatu. Mtoto wake wa kwanza, Otilia, alitangulia akiwa na miaka sita."